Mtumba, sanduku la mzee au fundi: njia tatu za kupata koti la zamani Kisumu na Nakuru

Mtu anayeanza kupenda nguo za kiume za zamani hapa kwetu hukwama mahali pamoja. Ameona koti la sufu lenye kola pana kwenye meza ya mitumba pale sokoni Kibuye, Kisumu, anakumbuka suti ya marehemu babake iliyofungiwa sandukuni kijijini, na akirudi nyumbani anapita kwa fundi aliyetundika mlangoni suti mpya iliyokatwa kwa mtindo wa miaka ya 1970. Zote tatu zinamvutia, na pesa alizo nazo zinatosha moja. Nimekusanya na kuvaa nguo za namna hii kwa miaka kumi na miwili, nusu ya muda huo nikiishi Nakuru na nusu Kisumu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo: nianzie wapi?

Nitazilinganisha njia hizo tatu kwa kutumia koti na suti, kwa kuwa shati na tai humsamehe mnunuzi makosa mengi ilhali koti halimsamehi. Ninaposema nguo ya zamani ninamaanisha nguo iliyotengenezwa angalau miaka 20 iliyopita, na huo ndio mpaka unaokubaliwa na wakusanyaji wengi. Kwa kipimo hicho, fundi hakupi nguo ya zamani. Anakupa mtindo wa zamani katika kitambaa kipya. Tofauti hiyo ina uzito kwa baadhi ya watu na haina uzito wowote kwa wengine, nawe ni vyema ujue uko upande gani kabla hujatoa pochi.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni mabega. Fundi mzuri anaweza kubana kiuno cha koti, kufupisha mikono, kufungua mshono wa mgongoni na kushusha pindo la suruali, lakini bega lililopita mfupa wako ni kazi ya kubomoa koti zima na kulijenga upya, na mara nyingi kazi hiyo hugharimu kuliko koti lenyewe. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa unapoishia. Ukishuka chini ya hapo, mkono wa koti hujikunja karibu na kwapa, na mtu huonekana ameazima nguo ya kaka yake mkubwa.

Cha pili ni ujenzi wa ndani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hupotea. Kati ya kitambaa cha nje na bitana, kifua cha koti huwa na tabaka la tatu linalolipa umbo. Katika makoti ya kale, na hata leo katika makoti ya bei ya juu, tabaka hilo ni kitambaa kigumu kilichofumwa kwa sufu, pamba au kitani pamoja na nywele za farasi, nalo hushikizwa kwa mishono midogo inayoliacha liwe huru kusogea na mwili. Kuanzia miaka ya 1960, na hasa katika miaka ya 1970, viwanda vingi vilihamia kwenye tabaka lenye gundi linalobandikwa kwa joto, kwa kuwa kazi yake ni ya haraka na haihitaji mkono wa fundi stadi. Koti la gundi likiwa jipya hukaa vizuri na huwa jepesi. Lakini gundi huzeeka: joto, unyevu na dawa za kusafishia huilegeza, na kifua cha koti hutokwa na malengelenge yasiyoondolewa na pasi yoyote.

Kulipima ni rahisi. Shika koti chini ya kifungo cha mwisho, kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na cha ndani kwa vidole vya mkono wa pili, kisha vivute vitengane taratibu. Ukihisi kitu cha tatu kikiteleza katikati yao, hilo ni koti la kushonwa. Ukihisi matabaka mawili tu, la nje likiwa na ukakamavu kama wa karatasi nene, hilo ni la gundi. Baada ya hapo geuza ile sehemu ya kola inayolala kifuani uangalie upande wake wa chini: mara nyingi mishono ya sindano huacha vidoto vidogo visivyonyooka sana, unavyoviona vizuri ukielekeza kitambaa kwenye jua.

Niliyajifunza haya kwa hasara. Mwaka wangu wa pili wa kukusanya nilinunua koti zuri la buluu iliyokoza, nikalipeleka kwa dobi mmoja mjini bila kulipima kwanza. Lilirudi safi na limepigwa pasi ya kupendeza, lakini kifua kizima kilikuwa kimevimba vipele. Dobi alikataa kuwajibika, nami sikuwa na hoja kwa sababu sikuwa nimemwuliza angelisafisha kwa nini. Koti hilo bado ninalo, nalitumia kumwonyesha kila anayeanza.

Vigezo vitatu vilivyobaki ni vifupi. Kuna uhakika wa umri, yaani iwapo unaweza kuthibitisha kwamba nguo ni ya miaka unayoambiwa. Kuna gharama kamili, ambayo ni bei ya kununua pamoja na marekebisho, usafishaji, nauli na muda wako. Halafu kuna hali ya hewa na utunzaji. Kisumu iko ufuoni mwa ziwa, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na alasiri joto hukaribia nyuzi 30 likiandamana na unyevu. Nakuru iko mita 1,850 hivi, ambako asubuhi ya Julai hukufanya ufunge vifungo vyote. Koti moja linaweza kuwa baraka katika mji mmoja na adhabu katika mwingine.

Njia ya kwanza: mtumba

*Mabega na kukaa mwilini.* Makoti mengi ya mitumba hutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, nayo yalikatiwa miili ya huko. Nambari iliyoandikwa ndani husaidia kidogo: 40 ya Uingereza au Marekani ni kifua cha inchi 40, na 50 ya Ulaya bara ni karibu sawa na hiyo, kwani ukiondoa 10 unapata kipimo cha Kiingereza. Hata hivyo nambari hudanganya, hasa kwenye nguo za miongo ya nyuma, kwa hiyo beba futi ya fundi. Laza koti, funga vifungo, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili. Jibu likizidi kifua chako kwa inchi tatu au nne, endelea na mazungumzo ya bei. Muuzaji wangu wa miaka mingi husema, “Mwanangu, vaa kwanza, inua mikono kama unayepanda matatu,” na bado sijapata kipimo kinachoushinda huo kwa kugundua tundu la mkono lililobana.

*Kitambaa na ujenzi.* Hapa mtumba hauna mpinzani. Vitambaa vya sufu nzito vilivyokuwa vya kawaida Uingereza miaka ya 1950 na 1960 havipatikani tena kwenye maduka yetu ya vitambaa, na vikipatikana huwa ghali mno. Ukikutana na Harris Tweed, kitambaa cha sufu kutoka Uskoti, utaitambua kwa lebo yenye mchoro wa tufe na msalaba. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 inataka kitambaa hicho kiwe cha sufu safi, kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides majumbani mwao. Nimewahi kuiona moja imelala chini ya rundo la makoti ya poliesta, mwenye meza akiiita “ile inayowasha”. Inawasha kweli, lakini ikitunzwa hata watoto wako wataivaa.

*Uhakika wa umri.* Koti la mtumba halina wa kulisemea, ila lebo zake husema mengi. Lebo iliyoandikwa “West Germany” haiwezi kuwa ya baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, na ya “Czechoslovakia” haiwezi kuvuka mwaka 1993. Kwenye makoti ya Marekani, chungulia ndani ya mfuko wa kifuani. Ukikuta kilebo cha chama cha wafanyakazi cha Amalgamated Clothing Workers of America, koti limetengenezwa kabla ya chama hicho kuungana na kingine mwaka 1976, au karibu sana na hapo. Sheria ya Marekani ya kubandika maelezo ya kufulia ilianza kutumika mwaka 1972, na michoro peke yake bila maneno iliruhusiwa huko mwaka 1997, kwa hiyo koti la Kimarekani lenye michoro mitupu si la kabla ya hapo, hata muuzaji akikutajia umri mkubwa zaidi. Kwa jinzi za Levi's, kile kitambaa chekundu cha mfukoni kikiwa na herufi E kubwa katikati ya jina, kwa kawaida ni cha kabla ya 1971, lakini kampuni yenyewe imekuwa ikitoa upya mitindo hiyo, basi usitegemee alama moja tu.

*Gharama kamili.* Nimelipa kati ya shilingi 300 na 2,000 kwa makoti yangu mengi. Tofauti inatokana na siku, saa na daraja la mzigo. Nguo za kwanza kuchaguliwa mtumba unapofunguliwa, zinazoitwa kamera, huwa na bei ya juu. Zinazobaki baada ya wateja wa siku kadhaa huishia kuwa fagia. Jumapili ndiyo siku kuu ya Kibuye, na anayetaka kamera hufika mapema. Lakini makoti ya sufu hayafuati kanuni hiyo kikamilifu, kwa sababu wateja wengi wa Kisumu huyaruka kwa joto, nami nimepata vitu bora alasiri kwa bei ya kufunga meza. Ongezea shilingi mia chache za fundi na uhesabu Jumapili tatu au nne za kurudi mikono mitupu. Ukumbuke pia kwamba mzigo huu unategemea bandari na sera: mwaka 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa muda kwa sababu ya korona, na bei za makoti yaliyokuwa sokoni zikapanda.

*Hali ya hewa na utunzaji.* Sufu ya mtumba inaweza kuja na mayai ya nondo wa nguo. Viluwiluwi vyake ndivyo vinavyokula sufu, nondo wakubwa hawali. Kabla ya kuliingiza kabatini, funga koti ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha ulipige brashi nje juani, hasa chini ya kola na ndani ya mifuko. Tweed itakufaa Nakuru, Molo au Eldoret. Kisumu utaivaa usiku wa mvua tu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye subira na jicho, anayefurahia kutafuta, na asiyejali kwamba aliyelivaa koti kabla yake hamjui. Haimfai mwenye harusi Jumamosi ijayo.

Njia ya pili: sanduku la mzee

*Mabega na kukaa mwilini.* Bahati iko upande wako, kwa kuwa mabega mara nyingi hurithiwa pamoja na jina. Wana wengi huwazidi baba zao urefu, lakini urefu ndio usioogopesha. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, hasa mgongoni, kwenye mikono na kiunoni mwa suruali. Geuza nguo ndani nje upime ziada hiyo. Sentimita mbili kila upande zinatosha kumpokea mtu aliyenenepa kidogo kuliko baba yake.

*Kitambaa na ujenzi.* Usitarajie sufu ya Uingereza kila mara. Suti nyingi za wazee wetu wa miaka ya 1970 ni za tetroni, au za sufu iliyochanganywa na poliesta, na baadhi ni za krimplini, kile kitambaa cha poliesta kisichojikunja kilichopendwa mno wakati ule kwa sababu kilikauka upesi na hakikuhitaji pasi. Krimplini haipumui. Ukiivaa adhuhuri Kisumu utaelewa kwa nini mzee aliivaa kanisani asubuhi na kuivua alipofika nyumbani. Kwa upande mwingine, utakuta suti za kaki na mashati ya pamba nzito kutoka enzi ambapo viwanda vya humu nchini kama Kicomi cha Kisumu vilikuwa vikifuma, na hizo zinazidi kuwa laini kila zinapofuliwa.

*Uhakika wa umri.* Hakuna lebo inayoshinda picha iliyotundikwa sebuleni. Suti ya baba yangu ni ya Kaunda, ile ya kijivu yenye mikono mifupi na mifuko minne, mtindo uliopewa jina la Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia kutoka 1964 hadi 1991. Nilipofungua sanduku lake la bati nilikuta suti imelazwa juu ya gazeti, kola imefifia kuliko mwili, na kifungo cha pili kimeshonewa uzi wa rangi nyingine. Mama alipokiona kifungo hicho alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hicho nilikishona mimi, usiku wa kuamkia siku ya kumpeleka kakako bweni.” Tangu siku hiyo sijathubutu kubadilisha uzi huo. Mtumba hauwezi kukupa hilo hata kwa pesa ngapi.

*Gharama kamili.* Pesa ni kidogo, lakini kuna ruhusa. Katika familia nyingi za magharibi mwa Kenya nguo za marehemu hugawanywa kwa utaratibu, baada ya mazishi na mbele ya wazee, na kuna zinazokwenda kwa wajomba au wapwa kabla ya wana. Usifungue sanduku peke yako kwa kuwa unapenda mitindo. Mwombe mama, au baba mdogo, au yeyote aliyeachiwa boma, na useme wazi kwamba unataka kuivaa, wala si kuiuza. Mimi nilisubiri miaka miwili kabla ya kuambiwa, “Haya, chukua.” Miaka hiyo iwekwe kwenye hesabu.

*Hali ya hewa na utunzaji.* Sanduku la bati ni rafiki wa nusu njia. Linazuia panya na mende, lakini karibu na ziwa hukusanya unyevu, na unyevu huleta ukungu kwenye nguo na kutu kwenye kuta zake, kutu ambayo huacha madoa ya rangi ya chungwa ambayo sijafaulu kuyatoa. Mikunjo iliyokaa miaka 30 mahali pamoja hukata nyuzi, kwa hiyo usiipige pasi ya moto siku hiyo hiyo. Itundike kivulini kwenye kiango kipana cha mbao kwa siku kadhaa, uipige mvuke kwa mbali, kisha uangalie mistari ya mikunjo dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwenye mstari, hapo kitambaa kimechoka na kinahitaji kipande cha kukiegemeza kutoka ndani. Vidonge vya kufukuzia nondo hutoa harufu inayoganda na mvuke usiofaa kupumuliwa chumbani mwa kulala. Usafi na kuitoa nguo hewani kila miezi michache vimenitosha.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayetafuta uhusiano kabla ya mtindo, aliye tayari kuivaa nguo mara tatu au nne kwa mwaka. Anayetaka koti la kazi la kila siku atalimaliza katika miezi kumi na minane, na halina la kulirudia.

Njia ya tatu: fundi

*Mabega na kukaa mwilini.* Hapa unapimwa wewe. Mwenye bega moja lililoshuka, tumbo lililotangulia au mikono mirefu kuliko kawaida hatapata sokoni kinachomfaa, ila kwa fundi. Sharti ni kuvishwa mara mbili kabla ya kumaliza: mara ya kwanza koti likiwa limeshikizwa kwa mishono mirefu ya muda bila bitana, na mara ya pili mikono ikiwa imewekwa. Fundi anayekuambia uje kuchukua nguo iliyokamilika bila kukuvisha hata mara moja, mshukuru na uende kwingine.

*Kitambaa na ujenzi.* Udhaifu wa njia hii uko hapa. Vitambaa vingi vya suti kwenye maduka ya barabara ya Oginga Odinga ni vya poliesta au mchanganyiko, hata vikiandikwa vinginevyo ukingoni. Omba nyuzi chache uzichome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, poliesta huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu cheusi. Suti ya mwanamume wa wastani huhitaji mita tatu na nusu za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kama unataka pamba, Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 baada ya kuanguka, imerudi kufuma, na pamba ndiyo inayostahimili joto la Kisumu katika suti ya Kaunda. Kuhusu ujenzi, karibu kila fundi wetu hutumia tabaka la gundi. Wachache wa rika la wazee bado wanajua kushona kifua kwa mkono, nao wakikubali watakuongezea siku na malipo wanayostahili.

*Uhakika wa umri.* Haupo, na hakuna haja ya kuuigiza. Kinachoweza kuwa cha kweli ni mkato. Usimwambie fundi “nataka ya kizamani”, kwa sababu kila fundi ana uzamani wake. Mpe vipimo kwa inchi. Kola ya kifuani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa nyembamba, inchi mbili na nusu hivi; ya katikati ya miaka ya 1970 ilifika inchi nne na zaidi, ikiandamana na suruali za bugaluu, zile zilizopanuka chini. Miaka ya 1980 ilileta mabega yaliyojazwa. Suruali nyingi za suti za kabla ya hapo zilikaa juu, kiuno kikiwa karibu na kitovu, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote: fundi hukata mguu wa zamani kwenye kiuno cha leo, na mvaaji hashiki kwa nini umbo limekataa. Mweleze pia kwamba tundu la mkono liwe juu, karibu na kwapa, ili ukiinua mkono koti zima lisiinuke nawe. Picha husaidia, lakini koti halisi la kuigia husaidia mara kumi.

*Gharama kamili.* Ni njia ghali zaidi kwa mkupuo mmoja. Suti yangu ya mwisho, kitambaa na ufundi pamoja, ilifika shilingi 14,000, na ilichukua wiki tano, ingawa niliahidiwa tatu. Ukiigawanya kwa idadi ya siku ulizoivaa, hata hivyo, huenda ikawa rahisi kuliko makoti sita ya mtumba yaliyotundikwa bila kuvaliwa.

*Hali ya hewa na utunzaji.* Wewe ndiye unayechagua uzito, kwa hiyo tatizo la joto unalimaliza kabla halijaanza: bitana ya nusu mgongo tu, kitambaa chepesi chenye ufumaji wa wazi, rangi isiyoshika jua. Madoa na michaniko havina uchungu mkubwa, kwani kitambaa cha akiba kipo. Mwombe fundi akurudishie mabaki yote, hata vipande vya kiganja kimoja.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayevaa suti kwa kazi, aliye na mwili usiokubaliana na nambari za dukani, au anayependa mkato wa zamani bila kupenda nguo iliyovaliwa. Neno moja la tahadhari kwa wanaofanya kazi mahali penye kanuni kali za mavazi: mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alizuia suti za Kaunda bungeni. Uliza kazini kwako kabla ya kumlipa fundi.

Kuchagua kwa hali yako

Kama una chini ya shilingi 2,000 na unataka kujifunza, nenda sokoni kwanza. Nunua koti moja lililo sawa mabegani hata kama rangi yake haikusisimui, ulivae mwezi mzima, kisha urudi. Mkono wako utakuwa umejua sufu.

Kama unaishi Nakuru au juu zaidi kuelekea Molo na Timboroa, sufu nzito ya mtumba itakuhudumia karibu mwaka mzima, na sioni sababu ya kumlipa fundi kwa poliesta. Kama unaishi Kisumu, Busia au Siaya, geuza ushauri huo: weka pesa kwa fundi na kitambaa chepesi, na mtumba uutafutie tai, mikanda, mashati ya kitani na viatu vya ngozi.

Kama kuna tarehe iliyopangwa, harusi, mahafali au mahojiano ya kazi, fundi ndiye wa kumwendea, wiki nane kabla. Ikiwa zimebaki wiki mbili, vaa uliyo nayo, umpe fundi airekebishe mikono na kiuno.

Kama mzee yu hai, mwulize kuhusu suti yake leo. Atakueleza nani aliishona, aliinunulia nini na aliivaa wapi, na huenda akakuvisha mwenyewe. Mazungumzo hayo ni bora kuliko sanduku.

Na kama mko ndugu watatu na koti la baba ni moja, msigombane wala msilikate. Lipelekeni kwa fundi mkiwa wote, alilaze mezani bila kufungua hata mshono mmoja, achore kila kipande chake kwenye karatasi ya kaki: mbele, nyuma, mkono, kola. Kisha kila mmoja ashonewe lake kwa mabega yake na kitambaa cha uwezo wake, zile karatasi zibaki na ndugu mkubwa, nalo koti lenyewe lirudi kwa mama.